Ndege Wasiovuka Bonde

Nimestaafu. Chekeni kwanza, nitangoja. Mstaafu mnayemjua ninyi ana mvi, fimbo na kikohozi. Mimi meno yangu yote yapo, na mtoto wangu huyagonga kwa kidole kila ninapomnyonyesha, kama fundi anayekagua ukuta. Lakini kazi niliifanya, kazi nimeiacha, na sirudi. Kwa hiyo naomba heshima ninayostahili: tulieni, mwenzenu mzee asimulie.

Nawaandikia ninyi wasichana mnaomaliza shule, kwa maana nimesikia Bwana Ndege, yule Mzungu mkusanya ndege, anatafuta mchunaji mwingine pale kambini Kituntu. Anataka, eti, msichana aliyesoma, mwenye mkono mwepesi. Mkono mwepesi ulikuwa huu. Uliandika mtihani wa sekondari mbele ya masista, ukachuna ndege wa Karagwe na wa Kyerwa mpaka ukanuka kama kabati la dawa, halafu kidogo tu unyang'anywe mtoto. Hayo Bwana hatawaambia. Atawaambia habari za barafu.

Tuanze na kisu, maana wengine mnadhani ndege huchunwa kama kuku wa Krismasi. Unamlaza chali. Unapuliza manyoya ya kifuani mpaka ngozi ionekane, kisha unapasua kijuujuu kuelekea mkiani. Ukizamisha kisu, utumbo unamwagika na manyoya yamekwisha. Unga wa mahindi uwe karibu, unanyunyiza unyonye damu na mafuta. Ndiyo, unga huo huo wa ugali. Miguu unaisukuma ndani, unakata kwenye viungo, na ngozi unaigeuza kama unavyovua soksi, polepole, mpaka kichwani. Na hapo usivute! Ukivuta shingo, ndege anarefuka.

Ndege wangu wa kwanza nilimvuta. Nilipomaliza kumjaza pamba alikuwa na shingo ya korongo juu ya mwili wa shomoro. Aliyekuwa ananifundisha ni Mzee Kashaija, Mhaya wa upande wa Muleba, Mlutheri anayesali kabla ya kuchuna na baada ya kuchuna. Alimwinua yule ndege wangu, akamgeuza huku na huku, akavua kofia.

"Waitu, binti," akasema, "Bwana amevuka bahari kutafuta aina mpya. Wewe umemzalia moja hapa mezani kabla ya chai."

Kisha akanifundisha habari ya sabuni. Ndani ya ngozi tulipaka sabuni ya sumu ili wadudu wasiile. Inafanana na samli iliyoganda, na pua haiwezi kukuonya. "Sabuni hii haina ndugu," aliniambia Mzee. "Nawa kabla hujajikuna. Nguo ya kazi ibaki hapa. Na pamba iliyogusa ngozi inakwenda kwenye kikapu kile, inachomwa. Haiendi nyumbani hata kama ni nyeupe kama mto wa askofu."

Shikeni hapo kwenye pamba. Tutairudia, na mtatamani mngekuwapo.

Sasa barafu. Bwana hakuja kutoka Ulaya kwa sababu alipenda nyama ya ndege. Alikuwa na swali. Kwa nini kwao mtu anaweza kutembea safari ya wiki nzima na kukuta ndege yule yule msituni, mwenye manyoya yale yale na wimbo ule ule, lakini huku kwetu ukivuka bonde moja tu unakuta ndege mwingine? Alitueleza mezani, sisi tukichuna, yeye akivuta kiko. Kwao, alisema, zamani za kale barafu ilifunika nchi. Ndege wakakimbilia kusini, wengine pembe hii, wengine pembe ile, wakakaa mbalimbali mpaka wakaanza kutofautiana. Barafu ilipoyeyuka wakarudi na kuenea kila mahali. Kwa hiyo ndege wa kwao ni wageni tu, wamefika juzi, wana aina chache, kila aina na nchi kubwa. Na mpaka leo, baridi ikija wengi wanaondoka, ikiisha wanarudi.

"Na wa huku?" niliuliza.

"Wa huku hawaendi popote," alisema, kwa furaha ya mtu aliyekuta fedha njiani. "Ndege wa kwetu anazoea joto na baridi, bonde haliwezi kumzuia. Huyu wa mlima wenu anajua ubaridi mmoja tu, mwaka mzima, kizazi hata kizazi. Bonde la nyasi lenye jua kali kwake ni bahari. Anazaliwa kilimani, anaoa kilimani, anafia kilimani. Miaka isiyohesabika ikipita, kila kilima kina watu wake."

Mzee Kashaija alinong'ona, "Amewaona wakwe zako watarajiwa, huyu."

Jambo moja lilikuwa likimnyima Bwana usingizi. Hakujua kama aina zetu ni nyingi kwa sababu huku zinazaliwa upesi, au kwa sababu huku hazifi, zinalimbikizana tu tangu kale. Nilipompelekea mama yangu swali hilo, alikuwa anatikisa kibuyu cha maziwa. Aliacha kutikisa, akauliza kama kweli watu hupanda meli kwa ajili ya swali hilo. Nikamwambia hupanda, na hubeba na viti vya kukunja.

Jaribio lake lilikuwa zuri, siwezi kulidharau. Kwenye msitu mdogo wa juu ya Kituntu kuna ndege wa kahawia, kifua chekundu kidogo, anapenda giza la vichaka. Ng'ambo ya bonde, upande wa Kyerwa, yuko mwenzake. Ukiwalaza mezani pamoja unaweza kusema ni mapacha, ila mmoja ameungua jua kidogo. Ni aina moja au mbili? Bwana alisema manyoya peke yake hayatoshi. Muulize ndege mwenyewe: akiitwa kwa wimbo wa mwenzake, anaitika? Maana asiyeitika haoi, na wasiooana baadaye wanakuwa wawili.

Mzee Kashaija ana mluzi ambao ungemfanya hata kasisi ageuke. Alikuwa ameukariri wimbo wa Kyerwa. Tulijificha kichakani Kituntu, siafu wakinipanda miguuni, Mzee akapiga wimbo wa kilima cha nyumbani. Ndege akaja mbio, kifua mbele, kama mwenye shamba aliyesikia mbuzi kwenye migomba. Akapiga tena, safari hii wimbo wa Kyerwa. Ndege yule yule alikaa juu ya tawi akajikuna ubavu. Hakugeuza hata shingo. Bwana karibu acheze ngoma. Mimi nilimwonea huruma yule wa Kyerwa, na sijui kwa nini, kwa sababu wakati huo sikuwa nimeolewa.

Nikaolewa. Mume wangu Felisiani ni karani wa kununua kahawa Omurushaka, mpole, ana mwandiko mzuri, na mbele ya mama yake hana mfupa hata mmoja. Familia yake walitoka Bukoba, Walutheri, wafanyabiashara. Mimi kwetu ni Kyerwa, nyikani, watu wa ng'ombe. Tumebatizwa kama wao, lakini mama mkwe huona maji yetu ya ubatizo yalikuwa na kwato ndani.

"Sisi ni watu wa migomba," alikuwa akiwaambia majirani nikiwa napita na ndoo kichwani. "Hawa ni watu wa kufuata mikia. Hatukuumbwa kuchukuana. Mtoto akizaliwa atakuwa nani?"

Kumbukeni mama huyu mwenyewe alihama kutoka Bukoba na masanduku yake, akavuka mito na vilima vyote mpaka Karagwe. Ndege wa Ulaya kabisa. Lakini mabonde, kwa maoni yake, yaliwekwa kwa ajili yangu.

Kuna jambo la muziro lazima niwaeleze, msije mkapotea. Kila ukoo hapa una muziro wake, mnyama au ndege ambaye watu wa ukoo huo hawamuui, hawamli, hata mzoga wake hawaugusi. Akiguswa, hutokea upele mwilini. Muziro wa ukoo wa Felisiani ni yule ndege mdogo mweusi na mweupe anayetembea uani akitikisa mkia. Mtoto hufuata muziro wa baba. Mimi ni wa ukoo mwingine, lakini nilipopata mimba nilimwambia Bwana waziwazi: yule mtikisa mkia simgusi, maana aliye tumboni ni wao. Mzee naye akakataa kwa heshima yangu. Bwana akasema, "Vema, nitamchuna mwenyewe." Akamchuna, lakini baadaye sana, nimeshajifungua na kurudi kazini. Maawe! Alimrarua kama barua ya deni. Akatukana kwa lugha yao, akakusanya ngozi, manyoya na pamba, akatupa vyote kwenye kikapu cha kuchomwa.

Nikajifungua binti. Anaitwa Kemi. Alipopata nguvu za kushika kidole, nilimfunga mgongoni nikarudi kazini. Bwana alinitazama kama nimeleta simba.

"Kazi hii haiendi na mtoto mchanga," alisema.

"Atalala mgongoni, Bwana. Au Mzee amfungie machela mbali na meza."

"Hapana. Hapa ni mahali pa sayansi."

Sikilizeni hapo, wanangu. Mtu amepanda meli kuja kuuliza aina za viumbe huzaliwaje, lakini aliyezaa hataki kumwona. Nikamwacha Kemi kwa mama mkwe mchana, nikawa nakimbia nyumbani kunyonyesha na kurudi, maziwa yakinilowanisha gauni njiani. Kazi niliipenda. Andikeni hilo pia, msidhani nina kinyongo na ndege.

Siku moja mama mkwe alikuja kambini mwenyewe. Alikuja kunifokea mbele ya watu kwamba mtoto analia na mimi nacheza na mizoga. Akafoka, akafoka vizuri, mpaka mpishi akaacha ugali ukaungua. Kisha akaaga kwa adabu zote na kuondoka, khanga yake imevimba upande mmoja. Mimi nilidhani ni hasira.

Wiki ile Kemi akatoka upele. Ulianza shingoni, ukashuka mgongoni, mwekundu, na akawa analala kwa kukwaruza. Nilimwogesha kwa majani, nikampaka mafuta ya ng'ombe ya mama, nikampeleka zahanati. Unapoa kidogo, kesho unarudi. Mama mkwe hakuhitaji zahanati. "Muziro," alisema. "Mama yake amemshika muziro wetu kwa mikono ile ile anayomnyonyeshea." Akatangaza kwamba mtoto ataondolewa kwangu, atapelekwa Bukoba kwa dada yake mkubwa, atakaswe na kulelewa kule, mbali na mizoga na mbali na nyika. Felisiani alitazama viatu vyake. Viatu vile vilikuwa safi sana wiki ile, kwa jinsi vilivyotazamwa.

Baba mkwe akaitisha kikao uani, Jumapili baada ya ibada. Ni mzee wa maneno machache na lubisi nyingi, ile pombe yetu ya ndizi. Nilimwomba aruhusu Mzee Kashaija aje, kwa kuwa wanatoka karibu na alishuhudia kazi yangu. Mama yangu alikuja kutoka Kyerwa bila kuitwa, na kibuyu cha maziwa, akaketi nyuma kabisa kama mtu aliyekuja kununua chumvi.

"Mkamwana," baba mkwe aliniuliza, "ulimshika?"

"Shikamoo, baba. Sikumshika. Nilimkataa mbele ya Bwana, na Mzee Kashaija alisikia."

"Nilisikia," akasema Mzee. "Na mimi sikumshika."

"Waongo wa kambi moja!" mama mkwe akadakia. "Upele umejileta wenyewe? Mleteni mtoto, watu waone!"

Akaenda yeye mwenyewe ndani, akarudi na Kemi amelala kwenye kimto kinene, kizuri, cheupe, kimeshonwa kwa kitambaa cha nyota. Sikuwahi kukiona. Nilipokuwa narudi jioni alikuwa akinikabidhi mtoto peke yake, kimto kikibaki chumbani kwake. Akamweka katikati ya mkeka. Watu wakainama, wakaguna.

Mzee Kashaija hakutazama upele. Alikuwa anatazama kimto. Akapiga magoti, akakibonyeza, akavuta uzi wa mshono kidogo.

"Mama," akamwambia mama mkwe, taratibu kama anayeongea na ng'ombe mkali, "mtoe mtoto kwanza. Hii pamba umeipata wapi?"

"Pamba ni pamba."

"Hii ni ya kambini. Ilikuwa kwenye kikapu nje ya hema. Ina sabuni ya sumu, ndiyo inayowasha."

Nilimnyakua Kemi kabla sentensi haijaisha. Mama mkwe akaanza kusema kwamba pamba nzuri vile ilikuwa inatupwa, kwamba Wazungu hawana adabu ya vitu, kwamba yeye alimpenda mjukuu wake akataka alale pazuri. Na hilo, nitamkubalia, lilikuwa kweli. Lakini Mzee alikuwa bado anavuta uzi. Kimto kikafunguka mdomo, na kwenye pamba, katikati ya nyuso zetu zote, ukachungulia unyoya mwembamba wa mkia. Upande mweusi, upande mweupe.

Watu wakasogeza vichwa. Hata Felisiani aliacha viatu.

Baba mkwe aliuinamia ule unyoya. "Basi," akasema, "muziro umelala na mtoto. Nani aliuleta uani kwangu?"

Mama mkwe akakunja pindo la khanga yake, akalikunjua.

"Nauliza ili nijue wa kutakaswa."

Akainua kibuyu chake cha lubisi kuficha mdomo, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Kimto kikachomwa nje ya migomba, na mama mkwe alisimama kando akikitazama kikiungua, mikono kiunoni, akilaumu upepo.

Mnadhani alinyamaza? Hamjaolewa ninyi. "Hata hivyo," alisema aliporudi, "mtoto aje kwetu Bukoba. Huku atakuwa nani? Hajui yeye ni wa kilima gani."

Hapo ndipo barafu ya Bwana iliponifaa. Nikawaambia kuhusu ndege wa Kituntu, jinsi alivyokaa juu ya tawi akajikuna ubavu. Nikasema, "Mama, mwiteni mtoto, kila upande kwa wimbo wake. Mkiona haitiki, mchukueni." Nilisema kwa sauti kubwa, ingawa nilijua nacheza kamari. Mtoto wa umri ule anaweza kuamua kutazama nzi.

Nikamketisha Kemi mkekani. Mama mkwe akamwita kwa Kihaya, kwa kile kiimbo cha kubembeleza ambacho, haki yake, ni kitamu. Kemi akageuka, akacheka na fizi zake. Mama mkwe akainua kidevu. Ndipo kule nyuma kabisa mama yangu akaita. Hakutumia maneno. Aliita kama anavyoita ndama jioni, mwito mrefu unaopanda mwishoni, wa nyikani kabisa. Mtoto akazungusha kichwa mpaka akaanguka upande, akaanza kutambaa kuelekea kwenye kibuyu. Katikati akaketi, akamtazama bibi wa migombani, akamtazama bibi wa nyikani, akapiga makofi.

"Anaitika kote," baba mkwe alisema. "Anabaki kwa mama yake. Mwenye neno akawaambie ng'ombe."

Kesho yake nilimfunga Kemi mgongoni nikaenda kambini. Bwana alikuwa mezani. Mzee Kashaija alikuwa ameshamsimulia yote, na Bwana alisikitika kwa dhati, akasema tangu sasa kikapu kitafungwa kwa kufuli. Kufuli! Lakini mtoto, alisema, bado haiwezekani.

Nikamuuliza, "Bwana, hao ndege wa kwenu wanaoondoka baridi ikija. Makinda yao wanamwachia nani?"

Akatabasamu, maana alipenda maswali. "Hawamwachii mtu. Hawaondoki mpaka makinda yaweze kuruka."

"Nami vilevile," nikamwambia, nikaweka kisu mezani.

Ndivyo nilivyostaafu. Mkitaka kazi, nendeni. Mzee Kashaija atawafundisha vizuri, na wimbo wa ndege wa Kyerwa msiache kumwomba aupige. Naweni mikono. Msivute shingo. Aliye na mtoto aulize habari ya mtoto kabla ya kuuliza habari ya barafu. Na kisu mtakikuta pale pale nilipokiweka. Kinoeni kwanza. Nilikiacha butu makusudi.